Naandika kitabu cha kuongoza wasafiri Mafia, nimekwama kwenye ratiba. Naombeni ushauri

Mgeni wa Kirongwe
Wakuu, heshima kwenu. Nilifundisha Mafia miaka sita, sasa niko Morogoro. Nina mwaka wa pili naandika kitabu cha Mtanzania anayetaka kwenda kule kwa mfuko wa kawaida. Si vile vijitabu vya kurasa nane vyenye picha ya potwe, yule papa mkubwa, na machweo. Nataka kisiwa kizima: Kilindoni, Utende, Chole, Juani, Jibondo, mpaka mnara wa taa wa Ras Mkumbi kule kaskazini. Nimefika ukurasa wa 140.

Juzi nilimpa rafiki rasimu akaijaribu. Nilikuwa nimeandika: "Mashua ya Utende kwenda Juani huondoka saa 3 asubuhi." Nilivyopanda mimi ndivyo ilivyokuwa. Yeye kafika saa 3 kamili, kakuta mashua imelalia ubavu kwenye mchanga, nahodha anakunywa chai na chapati. Waliondoka saa 8 mchana. Alinitumia picha ya ile mashua bila neno hata moja.

Nifute saa zote? Nauli nazo? Na kisa cha Kua, ule mji wa magofu kisiwani Juani, nikiandikeje bila kuudhi watu? Nawasilisha.

Supu ya Pweza
Mkuu, siku hizi nani ananunua kitabu cha safari? Mtu anauliza kwenye simu anajibiwa. Ungefungua ukurasa wa picha tu.

Kalamu Kavu
Supu, hiyo simu inajibiwa na mtu aliyekwenda siku mbili mwaka 2017. Mwandishi, endelea. Nauli na bei za vyumba zitoe ndani ya sura, zote ziweke ukurasa mmoja wa mwisho wenye mwezi na mwaka juu yake. Zikichakaa unachapa ukurasa ule tu. Kiingilio cha Hifadhi ya Bahari nacho kiweke huko huko, ila ndani ya sura eleza kwamba kipo na kwamba utakutana na geti kabla ya Utende, maana wageni wengi hushtukia hapo. Ramani usipige picha ya skrini ya Google. Tumia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inaruhusiwa ukiwataja. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, utaipata Maktaba ya Taifa.

Baharia Mstaafu
Mwalimu, saa usifute. Badilisha saa unayotumia. Maji hayajui saa ya ukutani, yanajua mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, na saa 4 asubuhi yamekupwa mpaka unaona majani ya baharini. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku ya nane tangu mwezi uandame ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi hujaa kwenye saa 3 au 4 hivi.

Kwa hiyo wewe ulipanda siku ya nane au ya ishirini na tatu tangu mwezi uandame, na rafiki yako kaenda kwenye bamvua. Wote wawili mmesema kweli.

Tengeneza jedwali la siku za mwezi wa angani, si wa kalenda ya ukutani, mosi mpaka thelathini, uandike maji yanajaa saa ngapi takriban. Jedwali hilo halitachakaa, hata wajukuu zako watalitumia. Pembeni weka pepo: kusi inapovuma katikati ya mwaka nje ya ghuba kunachafuka, potwe wanaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Anayekuja Julai kumtafuta potwe umwambie mapema aende Juani akatazame vifaranga vya kasa.

Mjukuu wa Juani
Kuhusu Kua, kaka, andika "wazee husimulia", usiandike "ilitokea". Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani, mji wa kale kwenye kisiwa kikubwa, waliwalaza watoto wa Kua chini ya jahazi lao wakati wa kulishua, na kwamba miaka baadaye watu wa Kua waliwaalika arusini, wakawazibia chumbani wakiwa hai. Usimwonyeshe msomaji chumba gani. Kila anayekuja na kitabu anataka kupigwa picha hapo, na kila kiongozi wa wageni ana chumba chake cha kuonyesha! Uvamizi wa Wasakalava kutoka Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, huo andika kama historia.

Tena usiifanye Chole kuwa kisiwa cha popo na mibuyu tu. Ilikuwa ndiyo mji, Chole Mjini, na kisiwa kikubwa chote kiliitwa Chole Shamba. Wajerumani walihamishia makao Kilindoni mwaka 1913, kuna kina cha maji kwa meli. Ukisema hivyo, mgeni atayaelewa yale magofu yaliyomezwa na mizizi.

Supu ya Pweza
Haya, nimenyoosha mikono. Jina la Mafia je? Ni kweli maana yake "mahali pa afya"?

Mjukuu wa Juani
Hayo ni ya kuwafurahisha wageni kwenye boti.

Mgeni wa Kirongwe
Baharia, nimefungua daftari langu la safari. Mkesha wa siku ile niliandika: "Nusu mwezi juu ya minazi, mbu wengi." Nimempigia rafiki, anasema usiku wake mbalamwezi ilikuwa kama taa ya uwanjani.

Naanza jedwali leo. Siku ya kumi na tano ya mwezi niandike saa 10 alasiri au niiache saa 10 na nusu?

Baharia Mstaafu
Andika "saa 10 na kitu". Nahodha atakuelewa.