Kula nje mjini Lamu kwa siku 4 mwezi wa Agosti: tuanzie wapi?

Msafiri wa Nakuru

Salamu kwenu nyote. Mwezi wa Agosti ninatarajia kumpeleka mama yangu mzazi Lamu kwa siku 4, ahadi niliyompa tangu alipostaafu. Tutalala katika chumba kisicho na jiko mtaa wa Mkomani, kwa hiyo kila mlo tutaula nje. Mama ana umri wa miaka 71, ana ugonjwa wa kisukari, magoti yanamsumbua, na havumilii kukaa mezani saa nzima akisubiri sahani.

Nilipofika Lamu mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, na kwa kweli nilikula vibaya. Alasiri nilizunguka nikikuta hoteli ndogo zimefungwa au masufuria yamekwisha kuoshwa, na usiku nikaambulia chipsi zilizopoa. Siku ya pili, kijana aliyenipokea gatini alinishawishi nimpe pesa mapema ili nikaandaliwe karamu ya samaki nyumbani kwao. Nilimngoja barazani mpaka saa 4 usiku na hakutokea. Sitaki mama yapate kumfika hayo.

Naomba wenyeji wanieleze wao wenyewe hula wapi na saa ngapi, kama kuna namna ya kupata kamba-mawe bila kulipa bei ya watalii, na kama ule mlo wa nyumbani ni jambo la kweli au ni ulaghai mtupu.

Binti Langoni

Karibu Amu, ndivyo tunavyoiita Lamu, dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Nimezaliwa Langoni na bado ninaishi hapa, na nikisoma ulivyohangaika mara ile naona ulichokikosa ni saa tu. Mji huu hauuzi chakula kutwa kucha. Kila chakula kina wakati wake wa kutoka, kikitoka huliwa kikaisha, na anayechelewa huambiwa kimekwisha. Kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, hakuna anayebomoa nyumba ya mawe ili ajenge ukumbi wa kulia, kwa hiyo hoteli zetu nyingi ni chumba kimoja chenye meza chache, na hupikwa kiasi cha kutosha wateja wa wakati huo.

Asubuhi ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Kuanzia saa 12:30 hivi, akina mama hukaanga mahamri milangoni mwao, katika vichochoro vinavyopanda kutoka barabara ya ndani tunayoiita Usita wa Mui. Simameni kidogo mtazame karai kabla ya kununua. Mafuta yawe maangavu, yasiwe meusi ya jana. Hamri likitumbukizwa, mpishi hulimwagia mafuta juu kwa upawa mpaka lifure, kisha huligeuza mara moja tu. Ukilipasua likiwa moto, mvuke hutoka na harufu ya iliki na ndani huwa wazi kabisa, na hapo ndipo mbaazi za nazi huingia. Nunueni vyote viwili palepale, mkae kwenye baraza iliyo karibu baada ya kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Sijapata kuona mgeni aliyeomba kwa adabu akakataliwa.

Kwa mama, kumbuka kwamba kinyunya cha mahamri hutiwa sukari. Ningemtafutia chapati na mbaazi, au mkate wa mofa, huu uokwao katika tanuri la udongo na kuliwa na mchuzi wa samaki au supu, ila umuulize muuzaji kama ametia utamu wowote. Vivyo hivyo kwa juisi: juisi za Lamu ni nzito na nzuri, za maembe, ukwaju, pasheni na parachichi, lakini sukari humiminwa ndani kabla hujaagiza. Mwambie muuzaji akusagie nyingine mbele yako bila sukari, na bila barafu kama tumbo la mama ni jepesi. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, kwani yale ya mferejini hutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela na wengine huyaona yana chumvi.

Chakula cha mchana ni kuanzia saa 6:30 hadi saa 8. Msiangalie orodha iliyobandikwa ukutani, maana nusu ya vilivyoandikwa havipo na vizuri zaidi havikuandikwa. Ulizeni, "Leo kumepikwa nini?" Mtatajiwa wali wa nazi, samaki wa siku hiyo, mchicha, maharagwe, pengine pweza. Ijumaa ni siku ya pilau na biriani, lakini hoteli nyingi hufunga wakati wa swala ya Ijumaa. Fikeni mapema au ngojeni watu watoke msikitini. Baada ya saa 9 mji hujinyoosha, na bila shaka hapo ndipo ulipozunguka ukakosa.

Baada ya swala ya Alasiri karai hurudi jikoni kwa viazi karai, bhajia na sambusa. Giza likiingia na watu wakisharudi kutoka swala ya Magharibi, moshi wa mishkaki huanza kupanda kando ya Usita na karibu na Mkunguni, ule uwanja ulio mbele ya Ngome. Mishkaki iliwe moja kwa moja kutoka kwenye makaa; ile iliyokwisha kuchomwa ikalazwa pembeni msiichukue, hata mkiambiwa itapashwa. Kisha mtafuteni muuza kahawa mwenye dele, birika lake la kahawa, juu ya makaa. Kahawa ni chungu, huliwa na tende au halua kwa mwenye afya ya kuzila, na mama anaweza kunywa yake tupu na kupata mazungumzo bora kuliko ya meza yoyote ya hoteli.

Shela, kilomita 3 hivi kusini, ni pazuri kwa kutembea, lakini chakula chake kwa jumla kimepangiwa bei ya wageni. Mtu akitaka mlo wenye kileo atakipata huko kwa urahisi zaidi kuliko mjini. Mkienda, chukueni boti maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakikupwa ngazi za gati huwa ndefu na zenye utelezi, na kwa magoti ya mama hilo si jambo dogo.

Angalieni pia kalenda. Safari ikiangukia siku za Maulidi, ambayo hapa husomwa Mfungo Sita katika Msikiti wa Riyadha, mji hufurika wageni na kila sufuria huisha saa moja kabla ya kawaida. Ikiangukia Ramadhani, mchana hamtapata kitu hadharani, ingawa futari baada ya Magharibi ni tamu kuliko chakula cha wakati mwingine wowote wa mwaka.

Mvuvi Mstaafu

Binti Langoni amesema sawa kuhusu saa, nami naongeza habari ya bahari, kwa sababu umeuliza kamba-mawe na nisingependa umwahidi mama kitu ambacho Agosti huwa shida.

Mwezi huo bado ni kusi. Upepo wa kusi hutushika tangu Aprili hivi hadi karibu Septemba, bahari ya nje ya miamba huchafuka, maji huwa na ukungu, na wapiga mbizi wa upande wa visiwa vya Pate na Kiwayu hawashuki kama wanavyoshuka wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi. Kamba-mawe wachache wanaopatikana hukimbizwa hoteli kubwa. Anayewaletea kwa bei ya chini Agosti, muulizeni amekaa kwenye barafu siku ngapi. Aliye mzima akiinuliwa hukunja mkia kwa nguvu. Mkia ukining'inia, mwacheni. Na jike mwenye mayai tumboni msimnunue hata akiwa mzima, kwa kuwa ndiye mbegu ya mwaka kesho. Hilo naliomba kwa dhati, nimeona mwambao huu ulivyokuwa na ulivyo sasa.

Kuleni kaa badala yake. Kaunti ya Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kaa wa mikokoni hawajali sana upepo, kwani hutolewa mashimoni ndani ya mikono ya bahari ambako mawimbi hayafiki. Kaa awe hai na awe mzito mkononi kuliko anavyoonekana. Aliye mwepesi ametoka kujivua gamba, na ndani mtakuta maji matupu. Pweza naye hufuata mwezi: mwezi ukiandama au ukipevuka tunaingia bamvua, maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi na pweza huokotwa kwa wingi. Wakati wa maji mafu huadimika. Kwa hiyo, dada, tazama mwezi kabla ya kufunga mizigo.

Kwa samaki, nendeni asubuhi soko lililo kando ya Ngome. Macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua yawe mekundu, na ukibonyeza mnofu kwa kidole shimo lisibaki. Changu mmoja wa kilo moja anawatosha nyinyi wawili. Mkisha kumnunua, hoteli nyingi ndogo zitakubali kuwachomea kwa malipo ya kazi na ya wali.

Msafiri wa Nakuru

Ahsanteni sana, sikutarajia majibu ya kina namna hii. Nimeanza kuzipanga tarehe upya ili tufike karibu na mwezi mpevu. Limebaki lile la mlo wa nyumbani. Mama angefurahi kuketi katika nyumba ya Kiamu na kula chakula kilichopikwa na mama mwenzake, lakini baada ya yaliyonipata naogopa kumpa mtu pesa.

Mpishi wa Mkomani

Dada, pole kwa yale. Yametuumiza hata sisi, maana kuna wanawake wengi hapa wanaosomesha watoto kwa kupikia wageni, na kila anayetapeliwa huondoka akiamini sote tu hali moja. Mimi nimepikia wageni nyumbani kwa miaka kadhaa na nitakueleza desturi ilivyo.

Mlo huo ni wa kweli, lakini hupangwa na mpishi mwenyewe, wala si na kijana wa gatini. Waulize wenyeji wa chumba mtakamolala, au yule mama mnayenunua mahamri kwake, wakupeleke kwa mpishi wanayemjua. Uende mchana, umwone, uone jiko, mkubaliane chakula, idadi ya watu na bei kamili. Akihitaji pesa za kwenda sokoni, mpe kiasi cha viungo tu, kwa M-Pesa, na hakikisha jina linalojitokeza kwenye simu ni la mtu uliyeonana naye. Zilizobaki hulipwa mkishakula.

Nisamehewe na mzee wangu Mvuvi, lakini lile la kupeleka samaki hotelini lina kasoro. Mchana mpishi ana masufuria matano motoni, na samaki wenu atachomwa haraka haraka, nje mkaa na ndani mbichi. Mkimnunua asubuhi, mleteni kwa mpishi wa nyumbani, au mwombeni mwenye hoteli awapikie usiku. Samaki wa kupaka hasa hataki pupa. Huchanjwa, hulazwa na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, huchomwa taratibu mpaka akaribie kuiva, kisha tui zito lililopikwa na ukwaju na bizari hupakwa juu tena na tena, kila tabaka likikauka kidogo kwa moto wa chini kabla ya jingine. Tui la mkono wa kwanza likishikana na ngozi iliyoungua kidogo, hapo ndipo ladha yenyewe ilipo. Mpishi anayekuambia atakuandalia kwa robo saa atakupa samaki aliyemwagiwa mchuzi.

Siku hiyo vueni viatu mlangoni, vaeni nguo za heshima, na mama atakuwa huru zaidi akiwa na leso begani. Mtaoshewa mikono na kula kwa mkono wa kulia. Anayetaka kijiko aseme, hakuna anayenuna. Kuhusu kisukari, mwambie mpishi mapema ili apunguze wali na aongeze samaki na mboga. Mweleze pia kuhusu magoti, kwa sababu wengi wetu hutandika mkeka na kuweka sinia chini, na kiti cha mama pamoja na meza ndogo huenda vikahitaji kuazimwa kwa jirani kabla ya Magharibi.