Homa ya mgunda Ruangwa, Lindi: Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, tumpe haki yake au tumlaumu?

Mwana wa Mbekenyera
Wakuu, akitajwa Ummy Mwalimu watu wanarukia korona. Mimi namkumbuka kwa Julai 2022. Tulikuwa tunapulizia salfa, ile dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, shemeji akashikwa na homa, kichwa, mwili hauna nguvu, kisha damu ikamtoka puani. Dada akamkinga kwa khanga mpaka ikalowa. Wote tukasema ni salfa. Tarehe 18 waziri akatangaza kwamba Ruangwa kuna homa ya mgunda (leptospirosis): wagonjwa 20, waliofariki 3, na ugonjwa unatibika. Alitaja jina, akataja idadi. Tumpe haki yake.

Chuno
Idadi? Machi 16, 2020 ni yeye aliyetutangazia mgonjwa wa kwanza wa korona. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509, vifo 21, basi, kimya zaidi ya mwaka. Februari 2021 nimemzika baba mdogo, tukaambiwa ni "changamoto ya upumuaji". Haki ipi hiyo?

Mzee wa Mikindani
Weka kumbukumbu sawa, kijana. Februari 2021 waziri wa afya alikuwa Dkt. Gwajima. Ummy alishapelekwa Ofisi ya Makamu wa Rais tangu Desemba 2020.

Chuno
Mzee, shikamoo. Nimekueleza msiba, wewe unanifundisha kalenda?

Mzee wa Mikindani
Marahaba. Pole kwa msiba. Lakini ukimlaumu mtu, mlaumu kwa siku alizokuwa kwenye kiti.

Kariakoo Daima
Mgunda unaletwa na panya, na ndugu zetu wa kusini panya ni kitoweo. Acheni kwanza samaki nchanga (hao panya wenu), ndiyo mjadili mawaziri.

Binti Masasi
Nilijua tutafika huku. Vimelea vinatoka kwenye mkojo wa panya, wa mifugo, wa wanyama pori. Vinaingia kwenye maji na tope, vinapenya kwenye kidonda au machoni. Babu yangu alikuwa anatega shambani, anababua manyoya, anapasua, anakausha juu ya moto. Hatari ipo pale kwenye kupasua ukiwa na kidonda mkononi, hilo sikatai. Ila kusema watu wamekufa kwa sababu ya sahani zao ni kuwatukana waliolala kaburini.

Mwana wa Mbekenyera
Shemeji hajawahi kula panya maisha yake, kwa dini yake ni haramu. Anachota maji bwawani, wanakokunywa ng'ombe.

Kariakoo Daima
Jamani, mama yangu ni Mmakonde wa Newala. Niliandika kwa utani.

Binti Masasi
Utani una wenyewe. Mimi na wewe ni watani kwa lipi?

Liwale Juu
Turudi kwenye mada. Ruangwa lilikuwa jimbo la Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule. Ndiyo maana wataalamu walifika mbio. Ingekuwa Liwale tungeambiwa ni malaria.

Mwana wa Mbekenyera
Kwa hiyo sisi tuliozika tulipendelewa? Mbio gani, wakati wagonjwa wa kwanza walifika kituoni mwanzoni mwa Julai?

Liwale Juu
Sijasema mlipendelewa kufa, ndugu yangu. Nasema sisi hatuna mkubwa.

Chuno
Mzee wa Mikindani, nimehesabu siku zake kama ulivyotaka. Takwimu zilipokatika, Ummy alikuwa kwenye kiti. Naibu wake, Ndugulile, aliondolewa Mei 2020, yeye akabaki. Januari 2022 akarudishwa afya, akakaa mpaka Agosti 2024. Miaka yote hiyo hakuturudia kutueleza ile miezi ya kimya. Kutangaza mgunda hakumfufui baba mdogo.

Mzee wa Mikindani
Hapo sina la kukujibu. Amri ya kunyamaza ilitoka juu yake, lakini ni kweli alinyamaza.

Binti Masasi
Mwana wa Mbekenyera, shemeji alipona? Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mwana wa Mbekenyera
Alipona, dada, ahsante. Ila salfa hagusi tena. Mpaka leo anasema ni yenyewe.