Bunduki nyepesi porini: shida ni mtutu au bega lako?

Wakuu, kila msimu wa kuwinda ukikaribia nasikia hoja ileile, eti hizi raifo nyepesi za kilo 2.7 hadi 3 hazina shabaha, mtu asiruhusiwe kuingia nazo porini. Mi nakataa. Ila na wale wanaosema uzito hauna maana nao nawakatalia.

Mtutu mwembamba ukiwa baridi unapiga vizuri tu. Ukifika risasi ya tatu, ya nne, chuma kimeshapata moto na risasi zinaanza kuhama, yangu inapanda juu kulia, nikiiacha ipoe inarudi palepale. Lakini jamani nani anampiga swala risasi tano mfululizo? Porini inayohesabika ni ile ya kwanza, na hapo mtutu bado wa baridi.

Kinachotuharibia ni teke. Risasi ileile ukiitoa kwenye bunduki ya kilo 3 badala ya kilo 4, nguvu inayokurudia begani inaongezeka kwa theluthi nzima, na hapo tunaongelea risasi ya saizi ya .30-06, weka sasa .375, kubwa zaidi, ambayo ndo watu wanaanzia kwa nyati uone. Mwili unazoea kuogopa, unafumba macho kabla hata hujavuta triga halafu unalaumu darubini. Na ukiwa umesimama bila pa kuegemea, bunduki nyepesi inacheza na kila pumzi, triga ikiwa ngumu kidogo tu inaivuta pembeni yote. Nilishamjeruhi pofu, yule swala mkubwa, kwa staili hiyo, tukafuata damu toka asubuhi mpaka giza linaingia hatukumpata, mpaka leo inaniuma.

Ndo maana naona cha kudai ni mtihani, sio marufuku. Norway anayewinda wanyama wakubwa anapimwa kila mwaka, risasi 5 kwa mita 100, zote ziingie kwenye duara la sentimita 30. Mi ningeongeza kitu kimoja: upimwe na bunduki yako mwenyewe utakayobeba, na risasi ya kwanza uipige umesimama, mtutu baridi, fimbo za kuegemea ruksa ila mifuko ya mchanga hapana. Kuna watakaosema sehemu za kulengea shabaha ziko mbali na risasi ni ghali, hilo kweli nakubali, ila pofu anayekufa polepole kichakani nani anamlipia?

Nyie mnaobeba kilo 2.7, mkiwa mmesimama mita 100 ile ya kwanza inatua wapi?