Msaada wakuu: Wicket inaniletea null kila kona, fomu ya mwanachama inakufa

fundi_mchundo

Wakuu salaam. Naomba msaada, kichwa kimejaa.

Nimekabidhiwa mfumo wa SACCOS moja hivi, umeandikwa kwa Java, Apache Wicket 9 juu (inayochora kurasa), Hibernate chini (inayoongea na databesi), aliyeuandika alishasepa na simu hapokei. Ulikuwa unakwenda freshi tu mpaka tulipoingiza wanachama wa zamani kutoka kwenye mafaili ya Excel. Wazee wale wengi hawakuwahi kuandikisha mrithi, wengine hawana namba ya simu, wengine hata tawi halijulikani, yaani kwenye databesi ni null tupu, hakuna thamani yoyote. Sasa mhasibu akimfungua mwanachama wa namna hiyo ukurasa unakufa hapohapo na anayepigiwa simu ni mimi.

Mstari unaoua ni huu:

`add(new Label("simuMrithi", mwanachama.getMrithi().getSimu()));`

Nikaanza kuzungushia if. Kama mrithi si null, kama simu si null, kama tawi si null, leo nimehesabu nimefika if 43 kwenye klasi moja na kila nikiziba hapa panavuja pale. Jamaa mmoja akaniambia tumia PropertyModel (unaipa njia ya data kwa maandishi, mfano mrithi.simu), nikatumia, kweli kusoma kukatulia, ila mhasibu akijaza simu ya mrithi akabonyeza Hifadhi inakuja hii:

`Null object returned for expression: mrithi.simu`

Na kwenye boksi la hisa akiacha wazi inalia `Can't convert null value to a primitive class: int`.

Hapo ndipo sielewi, kusoma inakubali null, kuandika inakataa. Ni Wicket ina ubaguzi au mimi ndiyo sijaielewa? Na hizo if zote ndiyo maisha yenyewe?

KaruraDev

Niaje fundi. If 43 aki, hiyo si code ni ua la miiba 😂 Subiri wazee wa Wicket waamke, mimi niliiwacha kitambo. Lakini ya haraka haraka, tangu Wicket 8 IModel (modeli, kile kinachoipa lebo au boksi data yake) imekuja na map na orElse, so unaandika hivi na unalala:

`modeli.map(Mwanachama::getMrithi).map(Mrithi::getSimu).orElse("-")`

Mrithi akiwa null, map ya pili haiguswi kabisa, inateremka moja kwa moja mpaka kwa orElse. Maliza hizo if zote.

MzeeWaSeva

fundi_mchundo, tuanze na ule mstari wako wa kwanza maana ugonjwa umeanzia pale na hayo mengine ni homa tu.

Wewe lebo umeipa maji kwenye kikombe. Yaani wakati unajenga ukurasa, wewe mwenyewe umeenda kwa mwanachama, ukaenda kwa mrithi, ukachota simu, ndiyo ukampa lebo. Mrithi hayupo, umeanguka wewe njiani kabla lebo yenyewe haijazaliwa, kwa hiyo Wicket hapo hana hata kesi ya kujibu. Modeli si kikombe, modeli ni bomba. Unampa lebo bomba, akihitaji maji wakati wa kujichora anafungua mwenyewe. Bomba likiwa halitoi, halitoi, hakuna anayekufa, lebo inachora patupu na maisha yanaendelea. PropertyModel ndivyo ilivyo, ikikuta null popote katikati ya njia inarudisha null kimya kimya. Hata ListView ya mikopo ukiipa null inaichukulia kama orodha tupu. Na faida nyingine, kikombe chako kilikuwa kinabaki na maji ya jana: mhasibu akibadilisha simu, lebo ile ingeendelea kuonyesha ya zamani mpaka ukurasa ujengwe upya.

Sasa kuandika. Kuandika ni kumimina, na huwezi kumimina bila ndoo. `mrithi.simu` maana yake mchukue mrithi, umwekee simu. Mrithi hayupo, simu iwekwe wapi? Wicket si mbaya kiasi hicho, akikuta ndoo hamna anajaribu kuitengeneza, anaita `new Mrithi()` halafu anaita `setMrithi` kumpachika kwa mwanachama. Nakuhakikishia kwako kimojawapo kinakosekana. Fungua klasi ya Mrithi uangalie konstrakta (ile inayoitwa na new) isiyopokea kitu kwenye mabano. Mara nyingi watu wameiweka protected kwa sababu Hibernate anaridhika nayo, lakini Wicket anatoka pakeji nyingine, protected kwake ni mlango uliofungwa. Iweke public, hakikisha na `setMrithi` ipo, ujaribu tena.

Ya hisa ni rahisi. int ya herufi ndogo haina nafasi ya kutokuwepo, lazima iwe namba. Boksi likiachwa wazi, TextField kwa kawaida yake inageuza mwandiko mtupu kuwa null, null haiingii kwenye int, ugomvi. Badilisha iwe Integer. Na kama hisa ni lazima kujazwa basi mwambie mhasibu mapema kwa setRequired, apate meseji ya kistaarabu kwenye fomu badala ya kurushiwa ukurasa wa kosa.

fundi_mchundo

Mzee shikamoo. Umeotea kama ulikuwa umekaa mezani kwangu, konstrakta ni protected kweli! Ngoja nijaribu.

KaruraDev ya kwako nimeipenda kwa ufupi wake, naona niitumie kila mahali hata kwenye boksi za kujaza. Kuna LambdaModel pia nimeiona, inachukua geta na seta (metodi za kusoma na za kuandika), haina mambo ya kuandika majina kwenye nukuu ukikosea herufi moja unakoma.

Bi_Hashi

Kaka fundi SIMAMA HAPOHAPO na hiyo LambdaModel kwenye boksi za kujaza.

LambdaModel kwa kusoma ni tamu, ukikosea jina kompaila inakwambia, naipenda kuliko PropertyModel. Ila ukiipa bomba la `modeli.map(Mwanachama::getMrithi)` halafu seta ya simu, na mrithi ni null, unajua inafanya nini kwenye kuandika? Hakuna. Haitengenezi ndoo kama PropertyModel, hailii, haileti kosa, inapita tu kimya. Mhasibu amejaza simu, amebonyeza Hifadhi, ameona meseji ya kijani "Imehifadhiwa", na simu imepotelea hewani. Nilikaa wiki nzima natafuta bug ya namna hiyo, nikawa nawalaumu watu wa databesi bure. Heri kosa linalopiga kelele. Kwa hiyo kama unataka lambda kwenye fomu, ndoo iweke mwenyewe kabla: unapofungua ukurasa wa kuhariri, mwanachama asiye na mrithi mpe Mrithi mpya mtupu, na wakati wa kuhifadhi kama bado ni mtupu mrudishe kuwa null, la sivyo utajaza jedwali la warithi wasio na majina.

Na hilo la orElse kila mahali naomba tusiliache lipite hivihivi. Null kwenye simu ya mrithi na null kwenye akiba si ndugu. Nilishafanya kazi kwenye chama kimoja, mwenzetu akaweka orElse sifuri kwenye salio ili ripoti ipendeze. Kulikuwa na wanachama ambao salio lao lilikuwa halijahamishwa kutoka daftari la mkono, yaani halijulikani bado, sisi tukawaonyesha sifuri. Mama mmoja ameweka akiba miaka mingi anaingia anaona 0. Alikuja ofisini na wenzake sitaki hata kukumbuka. Sifuri ni jibu, null ni "bado hatujui", na ukimwambia mtu hana hela wakati hujui kama anazo, hiyo si kosa la Java tena.

KaruraDev

@Bi_Hashi haya nimenyamaza 😅 pole kwa huyo mama. Sacco za huku ungepelekwa AGM (mkutano mkuu wa mwaka) wakuulize mbele ya watu wote.

mtu_chake

Mimi nilishatuma SMS kwa wanachama wote "Ndugu null, unakumbushwa kulipa rejesho lako". Java ukiunganisha maneno na null kwa alama ya kujumlisha haikatai, inaandika neno null lenyewe. Mpaka leo ofisini naitwa Ndugu Null.

MzeeWaSeva

Hahaha mtu_chake. Aliyezileta hizi null mwenyewe, Tony Hoare, aliziweka kwenye ALGOL W mwaka 1965 kwa sababu ilikuwa rahisi kuziweka, akaja kuomba radhi mbele za watu mwaka 2009 akisema ni kosa lake la dola bilioni. Sasa wewe Ndugu Null unataka nani akuombe radhi.

Bi Hashi yuko sahihi kwenye LambdaModel. Ongezea na hili fundi, kipengele cha mrithi kikiwa kitupu usijaze vistari, kifiche chote. Ndani ya onConfigure ya kontena la mrithi unaita setVisible kwa kuangalia kama modeli ina kitu, basi. If moja inaondoa if kumi. Usiiweke kwenye konstrakta ya ukurasa, pale inaulizwa mara moja tu wakati wa kujenga, onConfigure inaulizwa kila ukurasa unapochorwa.

fundi_mchundo

Nimerudi na habari nzuri na mbaya. Nzuri: konstrakta kuwa public, fomu imekubali. Nikajaribu pia kuacha boksi za mrithi wazi nikihofia itatengeneza mrithi hewa, haikutengeneza, null ilibaki null. Mbaya: akijaza, sasa analia Hibernate, anasema object references an unsaved transient instance. Nimetoka kwa simba nimeingia kwa chui.

Pili, nimeona watu wanasifia Optional ya Java 8 (kisanduku kinachoruhusiwa kuwa kitupu), je niweke sehemu ya mrithi kwenye klasi iwe `Optional<Mrithi>`?

Bi_Hashi

Ya kwanza: Wicket amekutengenezea Mrithi mpya lakini Hibernate hamjui, hajasajiliwa. Weka `cascade = CascadeType.ALL` pale kwenye uhusiano wa mwanachama na mrithi, yaani ukimhifadhi au kumfuta mwanachama mrithi naye afuate, kama mrithi ni wa mwanachama huyo mmoja tu. Kwenye tawi usithubutu kuweka hivyo, tawi ni la watu wengi, ukimfuta mwanachama usije ukajikuta unajaribu kufuta tawi la watu.

Ya pili: hapana. Optional haikuumbwa kukaa ndani ya klasi kama sehemu ya data, na haiwi Serializable, yaani haigeuziki kuwa baiti za kuhifadhiwa. Wicket anahifadhi kurasa kwa kuziserialaizi, utakuja kulia kilio kingine kabisa. Geta ikirudisha Optional sawa, kuihifadhi hapana.

mtu_chake

Kuna null moja hamjaigusa na ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Wahasibu wawili, A amefungua fomu ya mwanachama fulani, B kwenye kompyuta nyingine anamfuta mwanachama huyohuyo (alikuwa ameandikishwa mara mbili). A anarudi na chai yake anabonyeza Hifadhi. Mimi nilikuwa natumia LoadableDetachableModel, ambayo ni nzuri kwa sababu haibebi mwanachama mzima kwenye sesheni, inabeba namba yake tu na kumpakia upya kila ombi linapokuja. Sasa inaenda kumpakia, hayupo, load inarudisha null, na fomu nzima imesimama juu yake. Kinachofuata ni Attempted to set property value on a null object.

Hapa huwezi kutengeneza ndoo, aliyefutwa amefutwa. Mimi ndani ya load nikimkosa narusha `RestartResponseException` ya kumrudisha kwenye orodha ya wanachama na meseji kwamba huyu hayupo tena. Angalau A anaelewa, hafikirii kompyuta imeharibika.

KaruraDev

Na uhamie Java 17 kama wataruhusu. Kuanzia Java 15 NullPointerException inakuambia waziwazi ni nini ilikuwa null, eti huwezi kuita getSimu kwa sababu getMrithi imerudisha null. Kwa Java 11 unapewa namba ya mstari pekee, na mstari wenyewe una nukta tano, ukisie ni gani.

fundi_mchundo

Wakuu nimekuja kufunga mahesabu.

Cascade imefanya kazi. Lebo zote sasa zinapewa bomba. Boksi za kujaza nimebaki na CompoundPropertyModel (ndugu wa PropertyModel, njia inaichukua kwenye jina la boksi lenyewe) maana inatengeneza ndoo, kusoma nimeweka map. Hisa ni Integer. If zimebaki 3 kutoka 43, na hizo tatu zinastahili kuwepo.

Salio sikuweka orElse. Wasio na salio wanaonyeshwa "Linahakikiwa" na nimetengeneza ukurasa unaowaorodhesha wote, wapo kama 300 hivi, nimeuchapisha nikampa katibu. Aliuangalia, akavua miwani, akasema madaftari ya hao yako stoo, na ufunguo wa stoo anao mhasibu aliyestaafu.

Kimebaki kimoja kidogo, tawi likiwa null ile DropDownChoice (orodha ya kuchagulia) inaandika Choose One kwa Kiingereza, wazee wananiuliza ndiyo nini.

MzeeWaSeva

Kwenye faili la properties la fomu hiyo weka `tawi.null=Chagua tawi`. Ukiruhusu tawi liachwe wazi kwa setNullValid basi ongeza na `tawi.nullValid=Halijulikani`. Jina la faili la Kiswahili liishie na _sw kama unatumia lugha mbili.

Na huyo mhasibu mstaafu mtafuteni mapema.