Mkanda wa usalama kwenye Noah za Arusha–Moshi: mgonjwa asamehewe?

MLETA MADA:
Wadau, juzi nilipanda Noah, zile gari ndogo za abiria, ya Moshi pale Arusha. Mbele alikaa mama mtu mzima. Dereva akamwambia afunge mkanda, akajibu, "Mwanangu, nina mshono tumboni, haujakauka." Dereva akamwambia aupitishe begani na aushike kwa mkono mpaka tuwapite trafiki wa Usa River. Gari zima tulimwonea huruma. Tangu siku hiyo najiuliza huruma ile ilimfaa nini kama tungegonga lori Maji ya Chai.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Kwa hiyo yule kijana wa Noah aliachiwa kazi ya daktari na ya hakimu, dakika mbili kabla ya kuondoka.

Msamaha uwepo, ila auandike daktari na uwe na tarehe ya mwisho. Uingereza, ambako mkanda wa mbele ni lazima tangu 1983, ndivyo wanavyofanya: cheti cha daktari, basi. Huko hata ujauzito peke yake haukupi msamaha. Mjamzito hupitisha mkanda wa kiunoni chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu katikati ya matiti. Kina mama wengi hawajawahi kuelekezwa hili, na linaniuma.

MCHANGIAJI:
Dada, mimi naendesha Kosta. Bibi anayeteremka kutoka Kibosho atatoa wapi hicho cheti? Na mbona mnakomaa na siti ya mbele tu? Nyuma wanabanana wanne penye watatu, mikanda yenyewe imekatwa.

MLETA MADA:
Kaka, la nyuma umesema kweli tupu. Gari likigonga, wa nyuma asiyefunga anarushwa na kumponda wa mbele aliyefunga. Sheria iwafikie na wao, na anayejaza abiria abanwe kwanza.

Kuhusu cheti, yule mama alikuwa na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali mkononi. Daktari angeongeza mstari mmoja tu: asifunge mkanda hadi tarehe fulani. Na mwenye karatasi hiyo asikae mbele kabisa, apishwe siti ya katikati. Mimi nilikuwa nimekaa katikati siku ile, na sikunyanyuka.