Mjadala: Hipnosisi kwa wachezaji wetu, tiba au uganga uliobadilishwa jina?

Assalam alaykum. Juzi barazani kwetu hapa Ng'ambo watu nusura wakosane. Kocha mmoja kampeleka mshambuliaji wake kwa mwanasaikolojia anayetumia hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka azame katika fikra moja, na habari ilipovuja mtaani ikawa "timu imekwenda kwa mganga". Naomba tulijadili hapa kwa uwazi, nami naanza: naunga mkono.

Nilikuwepo siku ile. Ilikuwa darasani, skuli, mlango wazi. Kijana alikalishwa kitini, akaambiwa atazame alama moja ukutani na avute pumzi polepole, mpaka macho yakafumba yenyewe. Kisha akaongozwa kwa maneno: uko uwanja wa Amaan, taa zinawaka, mpira umeshautenga, kipa anacheza kwenye mstari. Kila akitoa pumzi, anabana kidole gumba na cha shahada. Zilipita kama dakika 20, akafumbua macho, akaomba maji. Hakuwa amelala, maana alituambia hata vespa iliyopita nje aliisikia. Hapakufukizwa ubani, hapakunywewa kombe la dua, wala hakuulizwa jina la mama yake.

Kijana huyu mazoezini hakosi penalti. Siku ya mechi ulimi unamkauka na goti la kushoto linamcheza, nimeliona kwa macho yangu. Anayeona hilo ni jambo dogo akumbuke Machakos, Disemba 2017, fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walisawazisha mara mbili, dakika 120 zikaisha 2-2, na kombe wakalichukua Kenya kwa penalti 3-2. Miguu ya vijana wetu ilikuwa inajua mpira usiku na mchana. Penalti ni jambo jengine.

Wanaosema ni sihiri, nawaheshimu, lakini jina la hipnosisi lilienezwa na daktari wa upasuaji, Mskochi James Braid, akiwa Manchester miaka ya 1840. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikubali itumike katika tiba. Bondia Ken Norton aliitumia kujiandaa kabla ya kumshinda Muhammad Ali mwaka 1973, pambano ambalo Ali alivunjika taya. Sisemi hipnosisi ndiyo iliyovunja taya. Norton alikuwa na ngumi zake.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha 1995. Bondia Steve Collins alipokutana ulingoni na Chris Eubank, ilienezwa kwamba Collins ametiwa hipnosisi asihisi ngumi. Eubank akaingiwa na wasiwasi hata kabla ya kengele, na akashindwa kwa pointi. Baadaye Collins akakiri kuwa ilikuwa mbinu tu ya kumtisha. Jamani, hiyo si ndiyo kazi ya "kamati za ufundi" tunazozijua, zile za uganga wa timu? Zinauza khofu: mpinzani akuogope, na mchezaji wako asithubutu kuingia uwanjani bila hirizi. Nilichokiona darasani kilikuwa kinamtoa mtu khofu.

Mchangiaji, Chake Chake:

Wa alaykum salaam kaka. Mimi ni mama wa mchezaji, na sihiri siyo inayonikosesha usingizi. Mwaka jana mwanangu alichezeshwa fundo la mguu limevimba kama embe. Walimchoma ganzi, akacheza, akafunga, watu wakambeba. Miezi mitano hakukanyaga kiwanja, na aliyemchoma hakuja hata kumjulia hali. Sasa mnaniambia yuko mtu anayeweza kumtuliza kwa maneno tu. Jana sindano, kesho maneno. Nani atamzuia kocha mwenye fainali mkononi?

Mwanzisha mada:

Pole sana dada yangu, na kijana Mungu amzidishie afya. Hapo umenishika, na sitakupinga. Hipnosisi kweli hupunguza maumivu. Madaktari wa meno huitumia, wakunga pia. Kule Bengal miaka ya 1840, kabla ya klorofomu kuenea, daktari James Esdaile alikuwa anapasua wagonjwa waliotulizwa kwa njia ya namna hiyo. Kinachoweza kumtuliza mtu chini ya kisu kitashindwaje kumficha kijana fundo lililoteguka? Maumivu ni mlinzi, na anayemlaza mlinzi lazima awe daktari, si kocha.

Basi nasogea kutoka nilipokuwa. Kwa khofu, ndiyo. Kwa jeraha, hapana, hata iwe fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mwenye umri chini ya miaka 18, mzazi akae chumbani. Na nina kipimo changu kwa huyo mtaalamu: baada ya wiki chache kijana aweze kufanya mwenyewe, bila kumlipa mtu. Ikiwa kila mechi lazima arudi kwake, hapo wanaosema uganga watanikuta upande wao.

Huyu wetu sasa anafanya peke yake ndani ya daladala, macho kayafumba, vidole kavibana. Jumamosi alipewa penalti, akagonga mwamba. Hakumtafuta mchawi. Alimfuata kocha, akaomba inayofuata apige yeye.