Chuo chataka potifolio na kazi zangu nzuri zote siwezi kuzionyesha, ushauri jamani

BintiKuze
Asalam aleikum na habari zenu nyote. Mie msichana wa Mji wa Kale, fom foo nilimaliza mwaka juzi nikapata B ya kutoa, na tangu hapo napiga picha za harusi upande wa wanawake, siku za hina, kupamba, na kadi za mwaliko nazitengeneza mwenyewe. Sasa nataka digrii ya disaini ya grafiki na upigaji picha, binamu yangu alie Uingereza kanambia huko ziko kozi za vyote viwili pamoja. Shida ni potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zangu, wataka kazi 15. Na mwajua kupamba kulivyo, ni sherehe ya wanawake peke yao, simu zakusanywa mlangoni zatiwa kwa beseni, bibi harusi hana mtandio, mwenye kamera ni mie peke yangu manake nimeaminiwa. Usiku naediti, flashi naipeleka kwa mkono, nafuta kila kitu mamake akiona. Harusi zapita 40 na sina picha hata moja ya kumuonyesha mtu. Baba naye asema digrii ya picha ya nini na pesa tayari waingiza. Nifanyeje?

Kijana_wa_Likoni
Si uwaziba tu nyuso sis, blur kidogo kazi kwisha

BintiKuze
Kaka mtu hajulikani kwa uso peke yake, ile dhahabu ya nyanyake mtaa mzima waijua. Siku moja ikionekana kazi yangu imekwisha.

FundiBanna
Dadangu kadi umezitaja kama kitu cha pembeni na hizo ndizo zitakuingiza chuo. Usipeleke kadi ilokamilika tu, peleka na zile kumi ulozikataa, michoro ya penseli, herufi ulizojaribu, wale wanaochagua wataka kuona unavyofikiri. Na uwe na kopi zilizochapwa. Mie nilijifunza kwa hasara, nilitengeneza banna ya harusi nikaisahau kwa RGB, zile rangi za kioo cha kompyuta, kijani kilichokuwa kinawaka kikatoka kama sukuma ya jana, bibi harusi alilia nikarudisha pesa zote. Za kuchapwa weka CMYK, zile rangi za wino wa printa, toka mwanzo na uache milimita 3 za ziada kila upande, kile kisu cha printa hakina macho.

disaini_mwaka_wa_3
Mimi nasoma Design Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miaka 4. Nilikuja najiona mkali wa Photoshop, mwaka wa kwanza karibu wote nikashikishwa penseli, kuchora kiti, kuchora mkono, rangi unachanganya mwenyewe, halafu kazi yako inabandikwa ukutani darasa zima linaichambua wewe umesimama hapo. Nilichukia sana lakini ndio kitu ambacho YouTube haikunipa, sasa najua kwa nini kazi ni mbaya sio kuhisi tu. Hapa unaingia kwa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, C+ kwenda juu, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, riba ni 4% kwa mwaka. Uingereza digrii ni miaka 3 lakini kwa KCSE, huu mtihani wetu wa fom foo, peke yake vyuo vingi vitakuambia ufanye kwanza mwaka wa foundation, yaani wa matayarisho, na karo ya mgeni sio mchezo, keti na binamu mpige hesabu.

Shangazi_Tudor
Mwanangu baba mwambie hivi, sisi zamani twavaa twenda studio ya Parekh hapa hapa Mombasa, mamangu na dadake wana picha nguo zimefanana mpaka viatu, iko kabatini mpaka leo yang'aa. Simu yangu mie ina picha elfu mbili na hakuna hata moja ilofika pale. Kwa hiyo kuna la kusomea. Na shika leso, pindo, mji ule wa katikati, jina yale maneno yake, hiyo si disaini ni nini? Nenda Biashara Street ukae, tunga jina lako, chora mji wako, hiyo kazi moja tayari.

FundiBanna
@Shangazi_Tudor 😂 umeua. Na hilo jina liingie vizuri kwa kile kisanduku, watu wanabana herufi mpaka unasoma kama risiti.

mzee_wa_lenzi
Nimechelewa. Binti, wewe umeandika picha yako ya kwanza hapo juu na hujaiona. Hilo beseni. Simu thelathini ndani ya beseni la plastiki mlangoni, viatu pembeni, taa ya ndani inatoka chini ya pazia. Hamna uso wa mtu. Piga na mikono ya hina kabla haijakauka, msomaji aelewe kwamba nyuma ya pazia kuna kitu hataonyeshwa. Piga RAW, ile faili ghafi ya kamera unayoweza kuirekebisha baadaye, mwanga wa pale utakusumbua. Na kamera yako iweke kwa kopo la biskuti na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, unyevu wa bahari ukishaotesha kuvu kwa lenzi, kuitoa si rahisi.

BintiKuze
Wallahi nimesoma hii nikasimama. Baba nimemsomea ya shangazi, hakusema kitu, kaenda kutafuta picha ya harusi yao.
Jumamosi kuna kupamba Majengo, nimemuomba mama wa bibi harusi kuhusu beseni. Kasema piga, lakini simu zote zilazwe kifudifudi, kuna wallpaper za watu.